Kumkatia Simu si Utovu wa Adabu

Saa nne asubuhi, Ibra. Bibi ameshakunywa kahawa yake, wajukuu wako skuli, watoto wako makazini Muscat. Simu inalia. Sauti ya kiume, Kiarabu chake fasaha, inamsalimia kwa heshima, inamwita mama. Inasema inatoka benki: kadi yake imefungwa, na pesa za mwezi huu hazitaingia mpaka asome tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu yake sasa hivi. Bibi anavaa miwani, anazisoma moja moja. Akaunti inakauka kabla hajaivua.

Huu ni mfano tu, lakini ndiyo njia ambayo polisi na Benki Kuu ya Oman wamekuwa wakiwaonya watu juu yake kila mara. Tarakimu zile ni saini. Tapeli ameshapata namba ya kadi, ameshajaza malipo, na benki inamuuliza mwenye kadi: ni wewe kweli? Anayezisoma anajibu ndiyo. Mfanyakazi wa benki hana haja nazo hata siku moja.

Kwa nini wazee? Si kwamba hawana akili. Kwanza, pesa zao zinajulikana: tangu Januari 2024, chini ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 2023, Muomani aliyetimiza miaka 60 hulipwa riali 115 kila mwezi. Pili ni lugha. Miongoni mwa wazee wetu waliorudi kutoka Unguja, Pemba na Mombasa, wengi wao baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na mabadiliko ya utawala Oman ya 1970, wapo ambao Kiswahili ndicho wanachokisoma kwa raha. Ujumbe wa benki ukija kwa Kiarabu cha ofisini au kwa Kiingereza, onyo la "usimpe mtu" linawapita. Wanachokitambua ni zile tarakimu tu. Tatu ni malezi: mtu aliyekusalimia vizuri humkatii maneno.

Kiswahili nacho hakitulindi. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", uliowaliza wengi Tanzania, una ndugu yake kwenye WhatsApp: "Shangazi, nimelazwa, nisaidie." Jina na picha ni za mpwa wa Unguja, lakini anayeandika ni mwizi aliyeiteka akaunti yake, mara nyingi kwa hila ileile ya tarakimu sita.

Basi tufanye nini? Mfundishe mzee kukata simu, kisha apige mwenyewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Mwandikie kwa Kiswahili, herufi kubwa, ubandike nyuma ya simu: TARAKIMU HAZISOMWI KWA MTU. Gawa pesa: akaunti yenye kadi ibaki na matumizi ya wiki, akiba ikae kwenye akaunti isiyo na kadi. Na ukoo uwe na swali lake la siri. Anayeomba msaada kwa maandishi aulizwe babu aliitwaje kwa utani kule Ng'ambo ya Unguja; mwizi hatajua.

Wizi ukishatokea, kinachohesabiwa ni dakika. Pigia benki wafunge kadi, halafu polisi, 9999. Kosa hili linashughulikiwa na sheria ya makosa ya mitandao ya 2011, lakini pesa ikishapita akaunti tatu nne, kuirudisha ni kazi ngumu. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Neno la kwanza tunalomwambia mzee ni "Kwa nini umempa?" Akigombezwa mara moja, mara ya pili atanyamaza mpaka Alhamisi jioni tutakaporudi nyumbani, na mwizi atakuwa ameshamaliza kazi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini tuliomfundisha kuficha ni sisi. Neno la kwanza liwe "Umefanya vizuri kuniambia."

Kisha mfanyishe mazoezi. Mimi nilikaa na shangazi yangu Nizwa Ijumaa moja, nikijifanya tapeli na yeye akikata, mpaka akacheka. Mwezi uliopita nilimpigia kwa namba ngeni. Kabla sijamaliza shikamoo, simu ikakatika. Dakika moja baadaye akanipigia kwenye namba yangu ya siku zote: "Mwanangu, kuna mtu kanipigia, eti ni wewe."