Barabara za Magwagwa na Somo la Fizikia

Chai tunayoipika majumbani mwetu hapa Mwambao husafiri safari ndefu kabla ya kufika sufuriani. Sehemu yake hutoka kaunti ya Nyamira, kwenye viwanda vya Sanganyi, Tombe, Kebirigo na Nyansiongo, ikateremka zaidi ya kilomita 700 hadi Mombasa, ambako mnada wa chai umewekwa tangu mwaka 1969. Magwagwa imo katika kaunti hiyo, nchi ya vilima, mvua nyingi na udongo mwekundu, karibu na bonde la mto Sondu.

Jani bichi la chai halina subira. Lisipofika kiwandani siku ile ile hupata joto, rangi ikageuka na thamani ikashuka. Kwa hiyo katika safari yote hiyo, kilomita chache za mwanzo, zile za udongo na utelezi, ndizo zinazoamua mkulima atalipwa nini. Na njia hiyo hiyo ndiyo apitayo mama mjamzito usiku, yuko nyuma ya bodaboda.

Ilimu ya kuitengeneza njia hiyo huitwa uhandisi wa usafiri, nayo ni tawi la uhandisi wa ujenzi, shahada isomwayo miaka 5 katika vyuo vikuu vya Kenya. Watu hudhani ni ilimu ya kumwaga lami. La! Lami ni ngozi tu. Mwanafunzi huanza na udongo: hupima utabeba uzito gani ukilowa. Kisha husoma maji, ambayo ni adui wa barabara kuliko gurudumu. Katika nchi ya vilima kama Magwagwa, mgongo wa barabara usipoinuliwa katikati, na mitaro na makalavati yakawa madogo, mvua ya msimu mmoja hutosha kuifukua.

Hesabu zake nazo zina ibra. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mhandisi humkadiria dereva sekunde 2 na nusu za kuona na kutanabahi. Yaani mita 55 zimepita kabla mguu haujakanyaga breki. Basi kona ya mlimani huchorwa kwa kuuliza: dereva ataona umbali gani? Jaribio kubwa la barabara lililofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, lilionyesha kuwa uzito wa ekseli ukiongezwa maradufu, madhara kwa barabara huwa kama mara 16. Mwenye lori anayezidisha mzigo, basi, anakula mali ya umma, ajue asijue.

Tumefunzwa tangu chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Sioni kwa nini binti zetu wakae nje ya kazi hii. Wazazi husema ni kazi ya jua na ya wanaume. Lakini sehemu kubwa hufanywa maabara na kwenye kompyuta, na penye kwenda uwanjani binti huenda na stara yake, kama aendavyo daktari. Tena mwanamke hujua watoto huvuka wapi waendapo madrasa. Mara nyingi mchoraji mwanamume halioni hilo.

Wala si lazima kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, hufundisha uhandisi huu. Asili yake ni Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyochangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Kibohora.

Mlango hufungwa mapema, mara nyingi bila mzazi kujua. Uhandisi hutaka hisabati, fizikia na kemia. Katika mtaala wa zamani wasichana wengi waliiacha fizikia mwisho wa kidato cha pili. Katika mtaala mpya uamuzi huja kabla ya Gredi ya 10. Mama mwenye binti wa Gredi ya 9 akaonane na mwalimu wake wa sayansi muhula huu, kabla fomu ya uchaguzi haijajazwa.