Kichefuchefu Kisichokoma: Jinsi ya Kumsaidia Mwenzi Wako Kupata Jibu

Mume au mke anapoanza kukataa chakula kwa sababu ya kichefuchefu, siku za mwanzo kila mtu nyumbani huwa na maelezo yake: ni chakula cha jana, ni joto, ni uchovu wa kazi. Wiki zinapopita na hali ikabaki vile vile, maelezo hayo hayatoshi tena. Waraka huu unazieleza familia za wasemao Kiswahili hapa Dubai namna ya kutafuta chanzo, na sehemu ya mwenzi katika kazi hiyo.

Kichefuchefu si ugonjwa, ni dalili. Hakuna kipimo kimoja kinachokitafuta chenyewe. Daktari huchagua kipimo kwa kufuata maelezo anayopewa, na muda wa kuonana naye ni mfupi. Kwa hiyo maelezo mliyoyaandaa nyumbani ni sehemu ya matibabu.

Usisubiri miadi

Piga simu 998 kuita gari la wagonjwa, au mfikishe mgonjwa idara ya dharura, ikiwa kichefuchefu kimeambatana na mojawapo ya haya:

- maumivu au uzito kifuani, jasho baridi, au maumivu yanayopanda taya au kushuka mkononi. Kwa wanawake hasa, shambulio la moyo laweza kujitokeza kwa kichefuchefu na uchovu bila maumivu makali;
- matapishi yenye damu au meusi kama machicha ya kahawa, au choo cheusi kama lami;
- maumivu makali ya tumbo, au kichwa kikali pamoja na shingo iliyokakamaa;
- kuchanganyikiwa, kuzimia, au kushindwa kubakiza hata maji tumboni;
- kwa mwenye kisukari: kupumua kwa kasi, kiu kali na usingizi usio wa kawaida;
- watu kadhaa wa nyumba moja kuumwa kichwa na kuona kichefuchefu kwa pamoja, nao wakapata nafuu wakitoka nje. Hiyo yaweza kuwa sumu ya moshi wa mkaa. Tokeni nje kwanza, kisha pigeni simu. Mkaa usiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Macho yakiwa ya manjano, mwone daktari siku hiyo hiyo. Kutapika kukizidi siku mbili, au kichefuchefu kikipita wiki moja bila sababu inayojulikana, wekeni miadi.

Maneno yanayopotea katika tafsiri

Watu wengi wa pwani husema "moyo unanichafuka" au "roho inanichafuka". Mkalimani asiyeijua lugha yetu vizuri anaweza kumweleza daktari kwamba mgonjwa analalamikia moyo, na uchunguzi ukaelekea kusikohusika. Semeni "kichefuchefu". Kwa Kiarabu huitwa ghathayan, na kwa Kiingereza nausea.

Tofautisheni pia kichefuchefu na kizunguzungu, ambapo dunia huonekana kuzunguka, na kiungulia, ambacho ni moto unaopanda kifuani. Neno "tumbo" nalo ni pana mno. Mgonjwa aoneshe kwa kidole mahali panapouma: chini ya mbavu za kulia, katikati, au chini ya kitovu.

La tatu ni saa. Saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni 8:00 katika saa ya simu. Familia ikisema "saa mbili" na mkalimani akaandika 2:00, daktari atadhani hali huja usiku wa manane. Andikeni saa kama simu inavyoonesha, na mhakikishe hivyo hivyo mnapoelezwa saa za kumeza dawa.

Daftari la siku saba

Kila siku andikeni mambo matano: saa hali ilipoanza na ilipokoma, kilicholiwa kabla yake, dawa zilizomezwa, choo na mkojo, na jambo lingine lolote, kama homa, kichwa au usingizi. Andikeni na uzito mara moja kwa wiki. Mpangilio huo hufundisha mengi. Kichefuchefu kinachofuata chakula cha mafuta, pamoja na maumivu chini ya mbavu za kulia, huelekeza kwenye vijiwe vya nyongo. Kinachokuja mara baada ya kidonge huelekeza kwenye dawa. Kinachokuja asubuhi kwa mwanamke aliyekosa hedhi hudai kipimo cha mimba kabla ya dawa yoyote wala picha ya eksirei.

Mambo ya kumweleza daktari hata asipouliza

Dawa zote. Metformin ya kisukari, vidonge vya madini ya chuma, antibayotiki, sindano za kupunguza uzito, na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen huweza kuleta kichefuchefu. Dawa hizi za maumivu huweza pia kusababisha vidonda vya tumbo. Chukueni maboksi yenyewe. Tajeni na dawa za mitishamba zilizoletwa kutoka nyumbani, bila aibu. Hata hivyo, msiache dawa aliyoandikiwa mgonjwa kabla ya kumwuliza daktari.

Safari. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 kuwa hauna malaria, kwa hiyo daktari wa hapa huenda asiifikirie mara moja. Ikiwa mgonjwa alikwenda Tanga, Mombasa, Kigoma au Bujumbura ndani ya mwaka mmoja uliopita na sasa ana homa, semeni hivyo mapema na muombe kipimo cha malaria siku hiyo hiyo.

Maradhi ya zamani. Kisukari, figo, ini, tezi ya shingo na kipandauso vyote huweza kuleta kichefuchefu ingawa havianzii tumboni. Wasiwasi mzito na huzuni pia.

Mwenzi ni shahidi. Mwacheni mgonjwa ajibu kwanza, kisha mwongeze aliyoyasahau. Akitaka kuzungumza na daktari peke yake, mpisheni.

Gharama na vipimo

Kwa sheria ya bima ya afya ya Dubai, Na. 11 ya mwaka 2013, mwajiri humlipia mfanyakazi bima, na mdhamini wa viza huwajibika kwa wale anaowadhamini. Nendeni na kitambulisho cha Emirates ID, na muulize kabla ya kipimo ni kiasi gani mtachangia.

Vipimo vya mwanzo kwa kawaida ni damu na mkojo, na pengine ultrasaundi. Daktari aweza pia kumtafuta bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye huishi tumboni na kusababisha vidonda. Hupimwa kwa pumzi au kwa choo. Dawa za kupunguza asidi zilizomezwa ndani ya wiki mbili, au antibayotiki ndani ya wiki nne, zaweza kuficha bakteria huyo. Mtajieni daktari dawa hizo kabla ya kupimwa.

Vipimo vikirudi safi

Majibu safi hayana maana kwamba mgonjwa anajisingizia. Maana yake ni kuwa baadhi ya sababu zimeondolewa. Kabla ya kutoka chumbani ulizeni maswali matatu: Tumeondoa nini? Ni nini kilichobaki? Turudi lini, na tukiona dalili gani turudi mapema zaidi? Andikeni majibu kwenye daftari, na muombe nakala za vipimo. Mkihamia kliniki nyingine, nendeni nazo, ili daktari mpya aendelee pale mwenzake alipoishia.

Kwa sasa mgonjwa anywe maji kidogo kidogo na ale milo midogo. Katika Ramadhani, asifunge kabla ya kumwuliza daktari. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake atakapopona.