Dungu, mkeka na chandarua: sayansi ya kulala nje Kibiti

Ukifika mabonde ya mpunga ya Rufiji na Kibiti wakati wa msimu, utaona vibanda vidogo vilivyosimama juu ya miti mirefu. Hayo ndiyo madungu. Mkulima anaweza kulala humo wiki nyingi mfululizo. Mchana anaamia ndege, usiku anafukuza nguruwe pori na viboko wasimalize mpunga. Sasa tuseme wewe na wenzako mnakwenda kupiga kambi karibu na Mchukwi. Mtalalaje vizuri? Tuanze na dungu, maana lina majibu mengi.

Mbona Pwani joto, lakini alfajiri unatetemeka?

Mtu aliyelala anatoa joto la takriban wati 70 hadi 80, karibu sawa na balbu ya zamani. Joto hilo linatoka kwa njia tulizosoma shule ya msingi: mpitisho, msafara na mnururisho. Ongeza na jasho linalokauka.

Mpitisho ndio adui wa wanaolala chini. Maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, kwa hiyo udongo wa bondeni uliolowa unanyonya joto la mgongo wako usiku kucha. Blanketi la chini halisaidii sana, kwa sababu uzito wako unalibana na kutoa hewa iliyomo, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Ndiyo maana kinachokuokoa ni kitu kisichobonyea kirahisi: godoro la sponji gumu, au tabaka nene la nyasi kavu chini ya mkeka. Dungu limemaliza tatizo hili moja kwa moja, maana mlalaji hagusi ardhi kabisa.

Halafu kuna anga. Usiku usio na mawingu, kila kitu kilicho wazi kinanururisha joto kwenda juu, na kinachorudi ni kidogo. Nyasi zinapoa kuliko hewa inayozizunguka, mvuke unaganda juu yake kuwa matone, tunauita umande. Blanketi lako nalo linapoa vilevile, linalowa, na likishalowa halikufai tena. Paa la makuti au turubai linakata njia hiyo. Wakati huohuo, joto la ndani ya mwili wenyewe hushuka kwa karibu nyuzi 1 kuelekea saa kumi alfajiri. Yaani baridi ya nje na ya ndani zinakutana. Shuka la ziada liweke karibu na mkono kabla hujalala.

Mbu hawapandi ngazi, wanafuata pumzi

Usidhani kwamba urefu wa dungu unatosha kukukinga na malaria. Mbu wa anofelesi wanafuata hewa ya kaboni dayoksaidi unayoitoa, pamoja na harufu na joto la ngozi, na wanauma hasa usiku. Upepo wa juu unawasumbua kidogo, lakini ukitulia wanafika. Chandarua chenye dawa kinahitajika dunguni na hemani kama chumbani. Kifunge kwenye pembe nne, kikae mbali na mwili, maana mkono unaogusa wavu unaumwa kupitia matundu. Pindo lichomeke chini ya mkeka.

Na simba?

Hili si hadithi. Mwaka 2005, Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapisha katika jarida la Nature kwamba simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania kati ya 1990 na 2004, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana. Waliona uhusiano na nguruwe pori: nguruwe wanafuata mazao, simba wanafuata nguruwe, na mlinzi wa shamba yuko katikati. Utafiti wao mwingine wa 2011 ulionyesha kuwa mashambulizi huongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu, pale giza la mapema jioni linaporudi. Kwa hiyo siku hizo maliza kupika, kuchota maji na kwenda haja kabla jua halijazama.

Hesabu kitanda cha shambani

Kwa mpiga kambi, usiku mbaya unaisha kwa usingizi wa mchana. Kwa mkulima ni kazi ya msimu mzima. Kama nyumbani kuna chandarua kimoja, kibaki kwa watoto au kiende dunguni na baba? Anayehesabu vitanda vya ndani peke yake, iwe mtafiti au mgawaji wa vyandarua, anamwacha nje mtu anayelala karibu zaidi na mbu. Ukienda Mchukwi na dodoso lako, ongeza swali moja tu: "Jana usiku, nani alilala shamba, na alilala ndani ya nini?"