Marumaru "Yasiyoteleza": Soma Neno Lililoandikwa Kwenye Boksi

Mlaji anayejenga au kukarabati nyumba Shangani, mjini Mtwara, anafahamu kuwa sakafu za pwani hukutana na mengi: mchanga unaoingia na nyayo, maji ya sabuni bafuni, na baraza linalolowa msimu wa mvua. Maboksi ya marumaru aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na baadhi ya wauzaji huyatafsiri maneno yote kuwa "hayatelezi". Tafsiri hiyo haitoshi. Gharama ya kuyachanganya maneno hayo huweza kulipwa na mzee aliyevunjika nyonga bafuni.

"Slip-resistant" humaanisha kuwa uso wa marumaru hupunguza utelezi kwa kiwango fulani. Hili ndilo neno la kuaminika zaidi, kwa kuwa kiwango hupimika na muuzaji anaweza kuulizwa.

"Anti-slip" kwa kawaida hutumika kwa kitu kilichoongezwa ili kukabili utelezi, kama vile mkanda wa kubandika kwenye ngazi au rangi yenye chembechembe. Nguvu yake hupungua kadiri kinavyolika.

"Non-slip" maana yake ni "isiyoteleza". Hakuna sakafu inayoweza kutimiza ahadi hiyo penye maji, sabuni au mafuta. Kwenye zulia la bafuni, neno hili huweza kuhusu upande wa chini tu: zulia halisogei, lakini mguu waweza kuteleza juu yake.

"Matt" hueleza mwonekano usiong'aa. Halisemi lolote kuhusu utelezi.

Kwa hiyo, tafuta alama ya kipimo. Vipimo vya Ujerumani, vinavyotumiwa na viwanda vingi, huanzia R9 hadi R13 kwa anayetembea na viatu. R9 ndicho kiwango cha chini kabisa, wala si sifa ya kujivunia. Kwa miguu mitupu penye maji hutumika herufi A, B na C, ambapo C ni bora zaidi. Mahali pa kuogea, chagua angalau B.

Kabla ya kulipa, mlaji anashauriwa:

1. Kumuuliza muuzaji alama ya kipimo, na kuiona kwenye boksi au katalogi.
2. Kumwomba aandike sifa hiyo kwenye risiti.
3. Kuhifadhi risiti na kipande cha boksi chenye maelezo.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha. Ikiwa bidhaa hailingani na maelezo yake, anza kwa muuzaji; asipokusikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyako.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Kwenye sakafu ya bafu, mambo hayo mawili hutenganishwa na nukta moja tu.