Utumishi wa Vita na Shahada ya Ofisa wa Meli

Sisi tukaao Itetemia, karibu na Tabora, tuko mbali sana na bahari, lakini habari zake si ngeni kwetu. Babu zetu walishuka Bagamoyo na misafara ya pembe, na tangu mwaka 1914 gari moshi limefika Kigoma penye meli za ziwani. Kwa hiyo si ajabu kijana wa kwetu akitamani kazi ya ubaharia.

Kijana mmoja aliyemaliza utumishi wake jeshini alinijia na karatasi zake nimsomee. Alikuwa amekwisha kumwomba baba yake mdogo auze ng'ombe wawili, apate nauli na fedha za kukaa Dar es Salaam. Kwani aliambiwa ya kuwa mtu aliyetumika vitani hupewa shahada ya ofisa wa meli bila mtihani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, ng'ombe wasiuzwe kwanza." Niliyomweleza ni haya, nayo yafaa wengine wayajue.

Neno lile aliloambiwa lina asili yake. Waingereza waliamuru tangu mwaka 1851 ya kwamba manahodha na maofisa wa meli za biashara ziendazo nchi za mbali wawe na shahada. Kisha Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 1894, katika fungu la 99, ilisema kwamba mtu aliyefikia cheo cha luteni katika manowari za Serikali ya Uingereza aweza kupewa shahada ya unahodha pasipo mtihani. Na injinia wa manowari vivyo hivyo apewe shahada ya uinjinia. Lakini tazameni vema: sheria ile ilitaja maofisa wa manowari, ambao walikuwa wamekwisha kujifunza dira, ramani na nyota. Askari wa nchi kavu hakutajwa kabisa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Katika vita ya mwaka 1939 hata 1945 askari wengi wa Afrika ya Mashariki walipakiwa melini Mombasa kwenda Ceylon na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, wakafa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa kwetu. Hakuna awezaye kusema kwamba watu wale hawakuijua hatari ya bahari. Hata hivyo walikuwa abiria, na siku za abiria hazihesabiwi. Mpagazi aliyebeba pembe toka Ujiji hata pwani aliiona njia yote, walakini hakuwa kirangozi kwa sababu hiyo. Kirangozi ni yule aliyejua maji yako wapi na njia ipi ina hatari. Ofisa wa meli ni kama yeye: anapokuwa zamu usiku, roho za watu wote zi mikononi mwake.

Siku hizi mataifa mengi hufuata Mapatano ya mwaka 1978 juu ya mafunzo na shahada za mabaharia, yaliyotengenezwa upya mwaka 1995 na 2010. Atakaye kuwa ofisa wa zamu ya sitaha katika meli kubwa imempasa awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Tena awe ametumika baharini miezi 12 pamoja na mafunzo yaliyokubaliwa, au miezi 36 bila mafunzo hayo. Na katika muda huo miezi 6 awe ameshika zamu chini ya ofisa. Kisha kuna mtihani, na macho hupimwa, maana asiyetofautisha taa nyekundu na ya kijani hawezi kuongoza meli usiku.

Je, utumishi wa vita huhesabiwa? Mapatano hayo hayatawali manowari. Kila serikali huamua yenyewe ni utumishi gani iukubali. Kwa mfano, Wamarekani kwa miaka mingi walihesabu sehemu 60 katika kila 100 za muda wa mtu katika manowari, kwa kuwa manowari hukaa bandarini siku nyingi. Basi aliyekaa humo miezi 36 alipata miezi 21 na siku 18 tu.

Fundi wa magari wa jeshi ana tumaini kidogo upande wa mitambo, kwa sababu huko kazi ya karakana huhesabiwa pamoja na siku za baharini. Lakini karakana peke yake haitoshi. Na mtu wa Kigoma ajue kwamba meli isiyotoka maji ya ndani ya nchi haihesabiwi kuwa meli ya bahari katika Mapatano hayo.

Kwa hiyo, nduguzangu, fanyeni mambo matatu. Kwanza, tunzeni karatasi zenu za jeshi, zenye tarehe, kazi na sahihi ya mkubwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, kabla ya kutoa fedha, andikeni barua kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, au kwa Zanzibar kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, mkauliza siku zipi zitakubaliwa. Tatu, ulizeni Chuo cha Bahari Dar es Salaam masharti ya kuingia na gharama zake.

Kijana yule alikuwa fundi wa karakana. Tuliandika barua yake pamoja, tukaambatisha nakala za karatasi zake. Ng'ombe wangali malishoni, wakingoja jibu.