Ugali ni wa Kale, Mahindi ni Mgeni

Mwulize mtu yeyote kati ya Kisumu na Songea chakula cha asili cha kwao, na kuna uwezekano mkubwa atakujibu kwamba ni ugali. Jibu hilo lina ukweli, ila limefunga katika jina moja vitu viwili vyenye umri tofauti. Cha kwanza ni upishi wenyewe: maji yachemke, unga umwagwe, usongwe kwa mwiko mpaka ugali ukaze. Upishi huo ni wa kale kweli. Cha pili ni nafaka inayosagwa, na hapa ndipo hesabu inapobadilika, kwa sababu mahindi meupe ambayo leo yanahesabiwa kuwa chakula cha mababu ni mmea wa Mexico uliotawala sufuria zetu kwa takriban miaka mia moja tu. Nitakachotetea hapa ni kwamba utawala huo una sababu zinazojulikana, nyingine za kibaiolojia, nyingine za kisiasa, nyingine za kibiashara tu, na kwamba neno "asili" limekuwa likizificha. Jambo hili si la wanahistoria peke yao. Kila mvua zinapokatika na wakulima wakahimizwa kurudi kwenye mtama, jibu huwa ni lile lile, kwamba mtama si chakula chetu.

Tuanze na mmea. Mahindi hayapo porini mahali popote duniani. Punje zake zimeshikamana na gunzi na kufunikwa kwa maganda, hivyo hindi likianguka chini bila mkono wa binadamu, miche huota imesongamana na kufa kwa kunyang'anyana nafasi. Basi mmea wa namna hiyo ulitokea wapi? Kwa miongo mingi wataalamu walibishana. Katika miaka ya 1930, George Beadle, kijana aliyekuwa amesomea mahindi katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alidai kwamba babu wa mahindi ni teosinti, nyasi ya porini ya Mexico. Wengi walimwona anakosea, kwa kuwa suke la teosinti lina punje kati ya tano na kumi na mbili tu, kila moja ikiwa ndani ya kifuko kigumu kinachoweza kuvunja jino. Beadle aliendelea na utafiti mwingine wa vinasaba uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1958, kisha alipostaafu akarudi kwenye ubishi wake wa ujana. Alichanganya mahindi na teosinti, akaotesha wajukuu wapatao 50,000 wa mchanganyiko huo, akahesabu wangapi walifanana kabisa na babu mmoja au mwingine. Alipata takriban mmoja katika kila 500. Kwa kanuni za urithi, uwiano huo unaonyesha kwamba tofauti kubwa kati ya mimea hiyo miwili inashikiliwa na jeni nne au tano tu. Watafiti wa baadaye, akiwemo John Doebley, walizipata baadhi ya jeni hizo: moja inazuia mmea usitoe matawi mengi, nyingine inafungua kile kifuko kigumu na kuiacha punje wazi. Vinasaba vinaelekeza kwenye bonde la mto Balsas, kusini mwa Mexico, miaka kama 9,000 iliyopita, na katika bonde hilo hilo wanaakiolojia wamekuta chembe za wanga wa mahindi kwenye mawe ya kusagia yenye umri wa miaka 8,700 hivi.

Wakati wakulima wa Mexico wakichagua mbegu zao, Afrika haikuwa imelala. Mtama uligeuzwa zao la shamba mashariki ya Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na ushahidi wake umebaki kama alama za punje katika vigae vya vyungu. Uwele uligeuzwa zao kusini mwa Sahara upande wa magharibi, na ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Nafaka hizo ndizo zilizosagwa na kusongwa huku kwetu kwa karne nyingi. Mahindi yalifika baada ya safari za Columbus, yakiletwa zaidi na Wareno, na kufikia karne ya 17 yalikuwa yakilimwa Zanzibar na Pemba. Mtaalamu M. D. W. Jeffreys aliwahi kudai kwamba yaliingia Afrika mapema zaidi kupitia Waarabu, na hoja hiyo bado ina wapenzi, hasa wale wanaochoshwa na habari za kila kitu kuletwa na Mzungu. Lakini ilijengwa juu ya majina ya mimea na maandishi yasiyo wazi, na hakuna punje wala gunzi lililofukuliwa katika bara hili likathibitishwa kuwa la kabla ya 1492. Gunzi ni gumu, huungua likawa mkaa na kudumu ardhini. Kama lingekuwepo, lingeonekana.

Kufika ni jambo moja na kutawala ni jingine. Kwa zaidi ya karne mbili baada ya Wareno, mahindi yalibaki pembeni: yalipandwa karibu na nyumba, yakaliwa mabichi kwa kuchomwa au kuchemshwa wakati mtama bado haujakomaa. Wasafiri wa katikati ya karne ya 19 waliyakuta bara, lakini mtama ndio uliojaza maghala. Kilichogeuza mizani kilianza na ndege. Suke la mtama liko wazi juani, na kwelea kwelea mmoja anaweza kula gramu kumi hivi za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja linaondoka na tani kumi kila siku. Shamba la mtama lilihitaji walinzi wa alfajiri hadi magharibi kwa wiki kadhaa, na walinzi hao walikuwa watoto. Watoto walipoanza kwenda shule, na wanaume wakaenda mashamba ya mkonge, relini na mijini, ulinzi huo ulikosa watu. Hindi hujilinda lenyewe kwa maganda yake. (Kuna mitama myekundu yenye tanini ambayo ndege huikwepa, lakini ni michungu, na tanini hiyo hiyo huzuia mwili kunyonya protini. Ndege ana akili.) Tena mahindi hupukuchuliwa kwa mkono bila kupurwa na kupepetwa, na mikono iliyopumzishwa hapo ilikuwa ya wanawake.

Hesabu hiyo ya nguvu kazi ingeweza kuchukua vizazi vingi kama siasa isingeingia. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, mamia ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walilishwa posho ya unga wa mahindi, wengi wao wakila chakula hicho kila siku kwa mara ya kwanza. Walowezi wa Kenya nao walikuwa wameleta mbegu nyeupe ya Hickory King, ya asili ya Marekani, kupitia Afrika Kusini. Weupe wake ulikuwa na mnunuzi: viwanda vya wanga vya Uingereza viliyalipa mahindi meupe bei nzuri kuliko ya njano, na mkulima mdogo aliyetaka kuuza alifuata rangi iliyotakiwa sokoni. Migodi na mashamba makubwa yaliwalipa vibarua posho ya unga huo huo. Baada ya uhuru serikali hazikugeuza njia. Tanzania ilinunua mahindi kwa bei iliyopangwa na kumpunguzia mlaji wa mjini gharama ya sembe mpaka ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1984.

Mpinzani makini atasema mahindi yalishinda kwa sababu ni bora: yanazaa zaidi. Katika nyanda za juu zenye mvua ya kutosha ana haki, na mfano wake bora ni Kitale. Huko watafiti walichukua mbegu ya Kenya iliyotokana na ile ya walowezi, wakaichanganya na aina iliyokusanywa Amerika ya Kusini, Ecuador 573, na mwaka 1964 wakatoa chotara H611, iliyozidi mazao ya mzazi wake wa Kenya kwa takriban asilimia 40. Wakulima wadogo hawakuhitaji kubembelezwa. Lakini mfano huo unathibitisha kitu kingine pia. Mbegu ile ilizaa kwa sababu kulikuwa na kituo, wataalamu, safari za kutafuta mbegu, kampuni ya kuisambaza na mnunuzi wa mavuno. Mtama haukupewa hata robo ya matunzo hayo, kisha tukalinganisha mazao na kutangaza mshindi.

Hata weupe wenyewe tuliufanya kuwa mila. Mahindi ya njano yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na meupe karibu hayana kabisa. Ukame wa katikati ya miaka ya 1970 ulipoleta mahindi ya njano kutoka nje, Watanzania waliuita unga wake "wa Yanga" kwa sababu ya rangi ya jezi ya timu hiyo ya soka, na wakaula kwa kununa. Kenya nayo iliyapokea kwa manung'uniko mwaka 1984. Rangi iliyochaguliwa na viwanda vya wanga vya Uingereza ilikuwa imeshakuwa ladha ya nyumbani.

Tulipochukua mmea, hatukuchukua maarifa yote ya wenyewe. Watu wa Mexico huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Chokaa hulegeza ganda na pia hufungua naiasini, vitamini iliyofungwa ndani ya punje kiasi kwamba tumbo haliwezi kuipata. Ulaya iliyachukua mahindi bila chokaa, na mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal alieleza, kaskazini mwa Hispania, ugonjwa wa maskini unaochubua ngozi na kuvuruga akili. Ni pelagra, iliyokuja kuua maelfu Italia na kusini mwa Marekani. Chanzo chake hakikufahamika barabara mpaka miaka ya 1930. Kwetu iliumiza kwa uchache kwa sababu ya mboga: maharage, karanga, maziwa na samaki hutoa kile mahindi yanachokosa, na makande, au githeri, yana maharage ndani tayari. Kinga hiyo ikiondolewa, ugonjwa unarudi. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikatiwa mgao wa karanga wakabaki na mahindi, na zaidi ya 18,000 waliugua pelagra katika miezi michache.

Kuna pingamizi la mwisho, nalo ndilo zito. Hata mtama ni mgeni kwa watu wa Dodoma, maana ulitoka Sudan. Muhogo wa fufu ya Kongo ulitoka mabara ya Amerika, na maharage, nyanya na pilipili vivyo hivyo. Kama kila kitu kilitoka mahali, asili ina maana gani? Nakubali kabisa, na ndiyo maana sidai mahindi yafukuzwe kwa ugeni wake. Nadai tu kwamba mtama usikataliwe kwa hoja ya asili, kwa kuwa hoja hiyo haina miguu. Kipimo kiwe mvua. Mbelewele ya hindi hutoa chavua kwa siku chache, na ukame ukipiga wakati huo, ndevu huchelewa kutoka, chavua hupita bure, na gunzi hubaki na mapengo au tupu. Mtama una uwezo wa kusimamisha ukuaji, kukunja majani na kungoja mvua, kisha kuendelea. Kwa Mbeya au Trans Nzoia tofauti hiyo ni ndogo. Kwa Singida, Dodoma na Kitui ni tofauti ya kuvuna na kutovuna.

Mbegu zipo tayari: Macia, Tegemeo na Pato zimekuwa mikononi mwa watafiti wa Tanzania kwa miaka mingi. Soko nalo likiwepo, wakulima hufuata, kama ilivyoonekana Kenya pale bia ya keg ilipoanza kutengenezwa kwa mtama, na kama ilivyoonekana tena mwaka 2013 kodi ya bia hiyo ilipopanda na wanunuzi wakapotea. Kwa hiyo wizara za kilimo ziache kuanza na mabango ya "tule mtama". Zianze na mashine za kupura na kukoboa vijijini, udhibiti wa kwelea kwelea unaofika kabla ya mavuno, na bei ya mtama inayotangazwa mapema, msimu mmoja na ile ya mahindi.