Msalaba Juu ya Sanamu ya Papa

Yawezekanaje mahakama ya nchi yenye Wakristu tangu kale iamuru msalaba uondolewe juu ya sanamu ya Papa? Jambo hilo lilitokea Ufaransa, katika Ploërmel, mji mdogo wa Bretagne, nchi ambayo watu wake wamesifika siku zote kwa kushika dini.

Mwaka 2006 mchongaji wa Urusi, Zurab Tsereteli, aliupa mji huo sanamu ya Yohane Paulo wa Pili. Ikasimamishwa katika kiwanja cha watu wote, Papa akiwa chini ya tao kubwa, na juu ya tao msalaba. Wengi walifurahi. Lakini wenyeji wawili na chama cha watu wasiofuata dini walikwenda mahakamani, wakishika mkononi sheria ya Desemba 1905 iliyotenga Kanisa na serikali. Kifungu cha 28 chakataza kusimamisha alama yo yote ya dini mahali pa watu wote, isipokuwa penye nyumba za sala, makaburi na majumba ya makumbusho. Misalaba iliyokuwapo kabla ya sheria haikuguswa. Ndiyo maana ile ya mawe, ya zamani, ingali imejaa njiani kote Bretagne.

Mahakama ya Rennes iliwapa haki washitaki, ile ya Nantes ikawanyima. Mwisho, tarehe 25 Oktoba 2017, Baraza Kuu la Serikali likakata neno: Papa abaki, tao libaki, msalaba utoke. Tena sikilizeni sababu yake. Baraza la mji, lilipoipokea zawadi mwaka 2006, liliandika habari ya sanamu, wala halikuutaja msalaba. Muda wa kupinga sanamu ulikuwa umekwisha pita. Msalaba, usioandikwa po pote, haukuwa na kinga hiyo.

Kelele zikawa nyingi. Serikali ya Polandi, nchi alikozaliwa Papa huyo, ilijitolea kuichukua sanamu nzima. Wengine wakasema washitaki ni adui za Mungu. Sisi hatukubali upesi hivyo. Kiwanja cha mji ni mali ya asali na ya asiyesali, na jirani akiuliza kwa njia ya sheria, hajatutukana. Hata hivyo hatufichi huzuni yetu: kumwonyesha Yohane Paulo bila msalaba ni kumwonyesha mtu nusu.

Mahakimu wa Marekani, mwaka 2019, waliamua vingine kwa kura saba dhidi ya mbili. Msalaba wa Bladensburg, katika Maryland, uliosimamishwa mwaka 1925 kwa ajili ya askari 49 waliokufa katika vita kuu ya kwanza, ukaachwa katika ardhi ya serikali. Walisema kwamba kwa miaka mingi umekuwa pia ukumbusho wa wafu hao, na kuung'oa kungeonekana kama kuipiga vita dini.

Na Ploërmel je? Mwaka 2018 sanamu iliuzwa kwa jimbo la Vannes, ikahamishwa hatua chache tu hata ardhi ya Kanisa, karibu na shule ya Kikatoliki. Huko sheria haina neno nayo. Papa amesimama chini ya tao lake, na msalaba uko juu.